Shida Moja kwa Magari Mia

Masisi, 6 Machi 2022

Mwanangu Kyakimwa,

Tunakusalimu sana, mimi na mama yako. Sisi hapa tuko wazima, tukiiacha kando miguu ya mama yako, ambayo imeanza tena kuvimba. Na wewe je, baridi ya Liège imepungua? Unakula? Mama yako anasema katika picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu.

Nimepanda hadi kwenye msalaba juu ya parokia, ndiko simu inakoshika réseau, na naandika kwa kidole kimoja. Usinijibu kwa sauti. Sauti hupita, maandishi nitamsomea mama yako hata mara tatu.

Jambo lenyewe ni hili. Gari letu limekufa kabisa. Hakorimana, fundi wetu, amelifungua na kulifunga, kisha akanawa mikono. Sasa maharagwe ya Muheto yananiozea ghalani na wateja wangu wa Walikale wanapata chumvi kwa watu wengine. Ila hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba vita inatembea, na mama yako hawezi kutembea hata kufika sokoni. Siku tutakayolazimika kukimbia, gari ndilo litakalokuwa miguu yake.

Jirani yetu Floribert amenunua moja huko Goma, aina ile ambayo watu wanaiita Nyati. Baya la sura, na skrini yake ilizimika wiki ya kwanza tu. Floribert amebandika picha ya Bikira Maria juu yake na anaendelea kupanda milima. Mimi nataka kama hilo. Uliahidi kunisaidia, na wewe kazi yako ni mambo ya magari. Unasemaje?

Ni mimi, Papa.


Liège, 19 Machi 2022

Papa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi niko mzima, shingo ni ileile. Mwambie Mama aweke miguu juu ya mto akilala.

Papa, afadhali umeniuliza. Kazi yangu ni kuwapigia simu watu walionunua gari jipya na kuwauliza: mwaka huu limekupa shida gani? Kila shida naandika moja. Mwishoni tunajumlisha: magari mia ya aina hii yalileta shida ngapi. Lenye shida chache linakuwa juu ya orodha, na watu wa huku wananunua kwa kufuata orodha hiyo.

Nimelitafuta Nyati la Floribert. Unajua liko wapi? La mwisho. Shida mia mbili na kumi na nne kwa magari mia. Liko jingine ambalo ni la kwanza, shida sabini na nne tu. Nimeliona la mitumba, safi, jeupe. Sahau Nyati.

Binti yako, Kyakimwa.


Masisi, 3 Aprili 2022

Mwanangu,

Salamu. Tuko wazima. Mama yako amelala na miguu juu ya mto kama malkia, anashukuru.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kuna kitu hakishuki kooni. Skrini ya Floribert ikizimika mnaandika moja. Sawa. Moteri ikipasuka, mnaandika ngapi? Freni zikikatika mtu akiwa mlimani, mnaandika ngapi? Mimi nimeendesha miaka thelathini na moja, na sijawahi kulala njiani kwa sababu ya redio.

Hizo mia mbili na kumi na nne ni shida za nini? Fungua tumbo la hiyo namba, uangalie kilichomo, kama mama yako anavyofanya na kuku. Huwezi kujua kuku alikula nini kwa kumtazama manyoya.

Mama yako anasema nisikuchoshe, na wewe usichoke kwa ajili yangu.

Papa.


Liège, 28 Mei 2022

Papa mpenzi,

Salamu kwenu nyote. Unisamehe kwa kuchelewa, siku hizi tunafanya kazi hadi Jumamosi.

Umeuliza, na sitakuficha. Moteri ikipasuka naandika moja. Simu ya mtu ikikataa kuongea na redio, moja vilevile. Kuna kampuni zinazopima shida kwa uzito wake, sisi hapana. Kwetu mteja amekasirika, basi ni moja. Na tunauliza miaka mitatu ya kwanza tu, baada ya hapo mwenye gari apambane na hali yake.

Kufungua tumbo la namba ni lazima niombe mafaili kwa mkubwa wangu, nisome mamia ya majibu. Sina muda huo, Papa. Na watu elfu hawawezi kukosea wote, Floribert awe sahihi peke yake.

Nimeshalinunua lile jeupe. Liko melini tayari, litateremkia Mombasa. Usinikasirikie. Sikutaka uendeshe gari la mwisho katika orodha. Maisha yako yote umepewa vya mwisho.

Binti yako.


Masisi, 11 Septemba 2022

Mwanangu Kyakimwa,

Amani kwako. Tuko wazima, ingawa milio inasikika mbali upande wa Rutshuru, na wakimbizi wanaanza kufika shuleni.

Gari limefika. Nisiseme uongo, nililia. Mtaa mzima ulikuja kulitazama na siku hiyohiyo wakalipa jina, Bibi Harusi. Mama yako ameketi ndani saa nzima bila kwenda popote. Nilipoweka marche arrière nirudi nyuma, skrini ikaonyesha nyuma ya gari, na yeye akawaona kuku wake humo. Akasema: «Camille, ile kuku nyeusi iko inataga mayai kwa jirani. Sasa nimeiona kwa macho yangu.» Tangu hapo kila asubuhi ananiomba nimwonyeshe kuku.

Nimekwenda Walikale na chumvi na sabuni, nikarudi na mafuta ya mawese. Matope yalikuwa hadi magotini, limepita. Floribert nilimkuta njiani amebeba magunia mengi kuliko mimi. Nikamwonyesha skrini. Naye akamwonyesha Bibi Harusi picha ya Bikira Maria wake, tukacheka.

Kitu kimoja kidogo. Katika mlima mrefu, kabla ya kubadili vitesse, yaani gia, linasita, kama mtu aliyesahau jina la jirani yake, kisha linaenda. Skrini haisemi lolote. Hakorimana amesikiliza akasema: «Papa Camille, hii boîte ya vitesse iko inalia. Tuifungue sasa, ao itatuachia mu njia.» Nimwambie nini?

Na yale maswali mnayowauliza watu, nitumie. Mimi pia ni mwenye gari.

Papa.


Liège, 2 Oktoba 2022

Papa wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimewasomea wenzangu kazini, ile ya kuku, wamecheka hadi machozi.

Kuhusu kusita, usiwe na wasiwasi. Gari hilo lina vipimo kila mahali. Boîte ya gia ingekuwa na ugonjwa, skrini ingeandika. Kama haijaandika, hakuna kitu. Mwambie Hakorimana asiguse, ataliharibu.

Maswali ni haya. Moja, una gari hili tangu lini? Mbili, katika miezi kumi na miwili limekupa shida ngapi? Tatu, je, shida hiyo imetatuliwa? Nne, skrini, redio na simu vinafanya kazi vizuri? Tano, una neno la kuongeza? Hilo la tano hatulihesabu, ni adabu tu.

Nibusie Mama.

Kyakimwa wako.


Liège, 26 Februari 2023

Papa,

Hamjambo? Habari za huko tunazisikia hapa na si nzuri. Wanasema watu wa Masisi wanakimbia. Mko wapi? Simu yako haiiti. Gari mnalo, hilo ndilo linalonipa usingizi. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako.


Liège, 19 Machi 2023

Papa, Mama,

Nawasalimu popote mlipo. Nimempata mtu wa Goma, anasema hajawaona kambini. Nimepiga simu kwa parokia, kwa Floribert, kwa kila namba niliyo nayo. Leo kazini mtu mmoja amenilalamikia dakika ishirini kwamba ramani ya gari lake inazungumza kwa sauti ya kiume. Nimeandika moja. Niambieni mko wapi.

Kyakimwa.


Shasha, 9 Aprili 2023

Kyakimwa,

Nakusalimu. Leo ni Pasaka. Mimi niko mzima. Niko Shasha kwa Mama Béata, muuza samaki, amenipa chumba na simu hii ni yake. Sikuandika mapema kwa sababu sikujua neno la kuanzia, na hata leo silijui. Mama yako amefariki. Tumemzika hapa.

Nitakueleza, kwa kuwa ni haki yako.

Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Milio ilikuwa imefika karibu na watu walikuwa barabarani tangu asubuhi. Floribert alisimamisha Nyati mbele ya nyumba yetu, limejaa watu hadi juu. Akasema: «Papa Camille, iko nafasi moya mbele. Mama apande na mimi, weye utakuya nyuma.» Mama yako alikuwa ameshashika mlango.

Mimi nikamwambia: «Enda tu, kaka. Sisi tutakuya. Gari ya mutoto wangu njo ya kwanza mu Bulaya.» Nikawasha skrini nimwonyeshe. Yote kijani, hakuna neno jekundu hata moja. Floribert akampandisha Emérita, yule mjane, na mtoto wake mgongoni. Mama yako akaachia mlango, akaja kwenye gari letu. Alikuwa ananiamini.

Katika mlima wa pili Bibi Harusi likasita, kama kawaida yake, ila safari hii halikukumbuka. Moteri inanguruma, magurudumu hayaendi. Skrini bado kijani. Nikaweka marche arrière niliteremshe pembeni kwa freni tusiwazibie watu njia, na skrini ikaonyesha nyuma. Walikuwa wanapanda na magodoro vichwani, na mbuzi, na watoto. Mama yako akawatazama humo kama alivyokuwa akitazama kuku wake. Akaniuliza: «Camille, hawa bote bako wanakimbia kwa miguu?» Nikamjibu ndiyo. Akasema: «Basi na sisi tushuke.»

Alitembea saa moja. Baadaye vijana wanne wa Muheto wakamtengenezea kipoyi cha mianzi na blanketi, wakambeba mabegani. Barabara ya Sake tuliikwepa, tukapita njia za milimani siku mbili, na mvua. Tulipofika Shasha alikuwa hapumui vizuri. Hospitali ya Kirotshe haikuwa mbali tena. Wabebaji waliomba kupumzika kidogo karibu na ziwa, na wakati huo wa kupumzika akaondoka.

Nyati lilifika Kirotshe Jumatano ileile, mchana. Emérita na mtoto wake ni wazima. Floribert anakuja kunitazama kila Jumapili na mimi siwezi kumtazama.

Sikulaumu. Mdomo uliosema «enda tu» ulikuwa wangu.

Papa.


Liège, 16 Aprili 2023

Papa wangu,

Pole. Sina salamu nyingine. Nimelia siku tatu, na siku ya nne nimekwenda kwa mkubwa wangu kuomba mafaili. Alinipa bila hata kuuliza sababu. Nimefungua tumbo la namba, kama ulivyoniagiza mwaka jana. Imenichukua saa mbili. Saa mbili tu, Papa.

Nyati lina shida mia mbili na kumi na nne. Mia moja tisini na saba ni skrini, redio, ramani, simu. Za moteri na boîte ni tatu.

Bibi Harusi lina sabini na nne. Skrini haina hata moja. Arobaini na moja ni boîte ya vitesse. Na watu hawakusema imevunjika. Walisema inasita. Neno lako lilelile. Kumi na moja kati yao niliwapigia mimi mwenyewe, sauti zao nilizisikia kwa masikio yangu, nikaandika moja, nikapiga namba inayofuata.

Nilikuambia kama skrini haijaandika, hakuna kitu. Ni mimi niliyeandika hivyo. Usiseme mdomo ni wako peke yako. Wewe na Hakorimana mlijua, na mimi nikawanyamazisha wote wawili kutoka huku mbali, kwa sababu nilikuwa na orodha.

Nitukane, Papa. Nilaani ukitaka. Ila niandikie kama baba anavyomwandikia mtoto wake, hata neno moja. Nitasubiri.

Binti yako, Kyakimwa.


Shasha, 30 Juni 2023

Majibu ya maswali.

Moja. Tangu Septemba mwaka jana.

Mbili. Shida moja.

Tatu. Hapana.

Nne. Ndiyo, vyote vizuri. Nilipoliacha mlimani skrini ilikuwa bado inawaka.

Tano. Mke wangu aliitwa Annonciata. Najua hili hamlihesabu.

Camille Kasika, mwenye gari.