Gia ya Kwanza ya Kupandia Heru Juu

Kasulu, Juni 2024

Kwa ndugu yangu Omary,

Assalaam alaikum. Natumaini wewe na Mama Mwanahawa hamjambo, na kwamba joto la Tanga mmeshalizoea tena baada ya miaka yote ya duka hapa kwenye baridi yetu. Mimi ni mzima. Goti linauma, macho bado yanasoma, na leo naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko.

Nilikuandikia kwamba tuna posa Heru Juu. Mwezi uliopita tulipeleka chungu cha pombe ya ndizi. Wewe huionji, lakini unajua kwetu chungu ndicho kinachotangulia kusema, na lazima kifike kimejaa. Longinus, mshenga wetu, alitupakia katika pikapu yake ya gia za mkono, chungu nimekipakata mimi. Kwenye mwinuko wa mwisho ng'ombe wakakatiza njia, akasimama. Kila alipoachia klachi gari liliruka, na pombe ikanimwagikia hadi viatuni. Obedi, kaka wa mwanamke anayeposwa, alichungulia chungu akauliza kama tumekuja kuposa nusu ya dada yake. Wakatupa nafasi moja tu zaidi. Tukikosea tena, basi.

Jirani yangu, Mwalimu Firdausi, akajitolea gari lake la otomatiki. Longinus alicheka, akasema hilo ni gari la lami, mlima ule litaushangaa. Nami niliogopa, maana nilikuwa nimesoma vitabu vya magari yote mawili. Katika gia ya kwanza ya pikapu, injini huzunguka mara tatu na nusu ili giaboksi itoe mzunguko mmoja. Ya otomatiki haifiki hata mara tatu, na mizunguko ikipungua, nguvu ya kupandia nayo hupungua. Nikaenda kwa fundi Nurudini kumwambia hatutafika.

Nurudini akanitolea giaboksi kuukuu ya otomatiki, akafungua bakuli la chuma lililo mbele yake. Laiti ungeliona, Omary! Ndani mna mapangaboi mawili yanayotazamana, na mafuta katikati. Injini huzungusha la kwanza, mafuta yanasukuma la pili. Na gari linapoanza kuondoka, kipangaboi kidogo cha katikati huyageuza mafuta yanayorudi ili yasukume tena, nguvu ikakaribia kuwa maradufu. Nilikaa juu ya tairi nikacheka peke yangu. Klachi hushika au huachia tu, haiongezi kitu, kwa hiyo gia ya mkono hubeba mzigo wote. Otomatiki imeshasaidiwa kabla nguvu haijafika kwenye gia. Haina haja ya gia nzito vile.

Jumamosi Firdausi alisimama makusudi pale pale kwenye mwinuko, kunitania, kisha akakanyaga mafuta taratibu. Likaondoka kimya. Jani la mgomba nililofunikia chungu halikulowa. Longinus, akiwa kiti cha nyuma, alisema pengine mlima umepunguzwa. Obedi alifunua, akatumbukiza mrija, akanywa, akasema sasa tumekuja kuposa mtu mzima.

Ndugu yangu, kuna jambo nimekuficha. Uliniuliza ni mjukuu yupi anayeoa, nikajifanya sikuliona swali. Anayeoa ni mimi. Anaitwa Josephina, mjane, analima maharage, na hunibishia kila ninachosoma. Niliona haya kukwambia, kwa umri huu, kabla hawajakubali.

Tangu tulipovuka mpaka mwaka sabini na mbili, tukikimbia mauaji, nimeishi kama mtu anayesubiri kuitwa arudi. Marehemu mke wangu aliniuliza mara nyingi lini tutafungua mizigo. Jumamosi ile Obedi aliniuliza mbele ya wote, nikiitwa kurudi kwetu, dada yake atabaki na nani. Chumba kizima kikanitazama.

Nikamjibu, "Kwetu ni hapa."

Sikuwahi kulisema kwa sauti. Josephina akasogea, akachukua mrija, akanywa.

Ndoa ni Agosti, inshallah, kama msemavyo nyinyi. Njooni wote wawili. Soda zenu nitaziagiza mapema. Msalimie Mama Mwanahawa, na majirani wote wanaonikumbuka.

Ni mimi, bwana harusi,
Pasikali Ndihokubwayo