Ile Ua Inakunywa, Mama Anafukuzwa

Yaya Mujinga,

Jambo yako kule Dilolo, na jambo ya batoto bote. Geuza kwanza hii karte ya posta, uangalie ku picha ile ua ya bleu. Inamea tu ku udongo ya shaba, njo maana banafunzi ba biolojia ya mazingira tulifika mpaka Kolwezi. Mulima yake banaisha kuichimba yote. Kampuni yenye kuchimba shaba iliokoa maua kiloko tu, ikayapanda mbele ya mulango yake, na mupira ya maji ya kuyanywesha asubui na mangaribi.

Jana tulikuwa tunapima majani, mama mumoja wa mutaa ya Musonoi akafika na bidon ya kuchotea maji. Mu mutoni yabo samaki yote ilikufa juu ya uchafu ya kampuni, maji inawasha ngozi.

«Tata, nijazie tu hii moja,» akamuomba mulinzi.

Mulinzi akamufukuza: «Hii maji ni ya maua!»

Profesa wetu akasema: «Ninyi mupime tu majani, hii haituhusu.»

Haituhusu! Yaya, mutu mwenye kiu yeye haiko mu mazingira? Hasira ikanipanda. Nikakamata ule mupira, nikamujazia bidon mpaka ikamwangika.

Sasa ku université banataka niombe kampuni musamaha, ao nikose pointi. Siombi. Banifelishe!

Hii karte kampuni inatugawia bure. Batoto bakiipenda, ibandike ku ukuta. Lakini kwanza uchore pembeni ya ua mama na bidon yake, juu mupiga picha alimuacha inje ya picha.

Nabakumbatia bote, na weye zaidi.

Mudogo wako,
Kayembe