Kabureta ya Kushoto

Fundi Mwakio,

Nakuandikia kwa sababu nina hasira nawe, na siwezi kupanda hadi Mgange kugombana na kaburi mchana kweupe. Watu wa kwenu wangenifunga kamba.

Lakini kwanza habari. Gereji bado iko wazi. Tangu tukuzike ni miezi saba, na vumbi jekundu la Voi linajaa kwenye chujio za hewa kama kawaida. Bodaboda wanakuja kila siku: cheni, breki, taa. Shida ilikuwa wale wenye pikipiki za mbio, zile za silinda nne ulizozipenda kuliko chakula. Walianza kupotea. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, hajui nimechuchumaa nyuma ya pikipiki nyingine, "Sikio la mzee lishazikwa. Sahi ni kupeleka Mombasa tu."

Iliniuma. Nilijua hizo zikienda, mimi nitapaka grisi cheni za watu mpaka uzeeni. Sikujifunza kwako miaka tisa kwa ajili hiyo.

Ndipo Mwalimu Nyambu akaja na ile nyekundu yake. Alilalamika kwamba akipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kila akitoka kwenye kona na kufungua mafuta, pikipiki inasita kwanza, kama mtoto aliyetumwa dukani katikati ya mchezo. Alitaka nimfungie silensa ya makelele, eti itapata nguvu. Nikamwambia debe tupu haliachi kuvuma, atulie niangalie injini. Akakubali shingo upande. "Sawa Mwende, lakini kabureta usiguse. Hizo mzee alifunga na sikio lake mwenyewe."

Nikasafisha chujio, nikapima valvu, nikatoa plagi. Tatu zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, vile ulivyonifundisha. Ya nne, ya kushoto kabisa, ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Ina maana kabureta ya upande huo ilikuwa inamimina mafuta mengi kuliko wenzake. Nikasimama na plagi mkononi, nikiwaza. Nikigusa nikaharibu, Nyambu angetangaza shuleni, kanisani na kituo cha petroli, na kazi ya pikipiki kubwa ingekwisha Voi.

Nikagusa.

Sikutumia sikio. Nilichukua mpira mwembamba unaoona ndani, nikatia oili kidogo, nikaunganisha kabureta mbili mbili. Zikivuta pumzi sawa, oili inatulia katikati. Ulikuwa ukinicheka kwa mpira huo, ukiuita dripu ya mgonjwa. Basi mgonjwa alikuwa ile ya kushoto. Ulikuwa umeifungulia skrubu kupita kiasi.

Nikadhani skrubu imelegea kwa mtetemo. Lakini mwezi huohuo nikafungua nyingine uliyoishughulikia wewe, kisha nyingine. Zote tatu zina kosa moja, upande uleule. Wewe Fundi, ambaye bodaboda ikipita barabarani ulitaja valvu inayogonga bila kuinua kichwa! Nikakaa chini nikafikiri hizo tatu zilifanywa lini. Zote ulizifanya nikiwa Kibwezi kwa mama, nimejifungua. Nikatafuta zile tulizofanya tukiwa pamoja. Zimetulia kama maji kwenye karai.

Hapo ndipo nilipokusikia tena, sauti yako kavu: "Mwende, simama kushoto. Haya, unasikia nini?" Miaka tisa moshi unaniingia puani, joto la injini linanichoma magoti, nami najibu "bado," "ongeza," "hapo umezidisha," na wewe uko kulia, umeinamia tangi, unazungusha bisibisi. Nilidhani unanipima kama mwanafunzi. Nilidhani huniamini na bisibisi. Kuna jioni nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba huyu mzee amenifanya kigingi.

Nikaenda kwa mkeo. Nilimkuta Mama Wakesho akipukuchua maharagwe. Nilipomuuliza kama sikio lako la kushoto lilikuwa likisikia, alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakawa machozi ya kweli.

"Kwani hukujua? Mbona kanisani mi nilikuwa nakaa kulia kwake kila Jumapili? Hilo sikio lilikufa siku ile tairi ya lori ilimpasukia. Alikuwa anasema, la kushoto analo Mwende."

Yaani ulimwambia yeye! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kimekuumbua kwa kabureta.

Wiki iliyofuata Nyambu alipata nafasi ya kuijaribu hadi Wundanyi, akarudi asubuhi ileile. Alivua helmeti akiwa anacheka kama aliyepewa uhamisho. "Mwende, inatoka kona kabla sijaiambia! Kumbe sikio la mzee bado liko!" Ningenyamaza, mambo yangekwisha vizuri tu. Sikunyamaza. Nilimwambia hiyo kazi ni yangu, na kwamba miaka yote hiyo wewe ulikuwa ukisikia upande mmoja, upande wa pili ni mimi. Kisha akaniuliza nina nafasi lini, shemeji yake ana pikipiki Taveta inayotoa moshi.

Basi nimetoboa siri yako, Fundi. Ukitaka kukasirika, tutakuwa sawa. Sasa wenye pikipiki kubwa wanakuja. Jumamosi pikipiki tatu zilikuwa kwenye kivuli, na hakuna aliyeniambia nisiguse kitu. Zile ulizozifanya peke yako nitazitafuta moja moja hata kama ziko Kishushe, nizinyooshe, na jina lako litabaki juu ya mlango.

Lakini kwa nini hukuniambia? Kuuliza si ujinga, wewe mwenyewe ulinifundisha, na kuomba msaada ni aibu gani? Ningesimama pale kwa furaha. Ningevuta huo moshi nikiringa. Nimekukosa sana, na nimekosa pia ile fahari ambayo ungenipa kwa maneno matatu tu.

Kwa hiyo nakuahidi. Siku macho yangu yatakaposhindwa kuiona oili ndani ya mpira, nitamwita yeyote nitakayekuwa nafanya naye kazi, nimwambie wazi, "Sioni vizuri, nisomee." Sitamwacha akidhani ni mtihani.

Pumzika, Mzee wangu. Walisema Voi ilikuwa na fundi mmoja. Tulikuwa wawili.

Mwende