Dawa Isiyopita Ulimini

Shigou, 6 Desemba 1996

Mwanangu Cuiping,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo huko Guangzhou? Kile kikohozi chako kimeisha? Mimi ni mzima, na mama yako nimemponya kwa mikono yangu mwenyewe. Madaktari wamepanga foleni wanishike mkono.

Basi, nimedanganya. Mama yako yuko mahututi hospitali ya wilaya, leo siku ya tisa. Nimonia imeshika mapafu yote mawili. Usoni ana barakoa ya oksijeni, mkononi dripu, puani mpira mwembamba wa kupitishia uji. Asubuhi daktari kijana anamtia dawa kwenye dripu. Mchana anakuja Mzee Ge, daktari wa mitishamba, anamshika mshipa wa mkono kupima mapigo, anaandika mizizi yake, jikoni wanaichemsha, na mchemsho nao unapita mpirani. Wawili hao hawagombani hata kidogo. Nimekosa burudani.

Kitu kimoja kinanikera. Mchemsho haumgusi ulimi. Bibi yako alitufundisha kwamba uchungu ndio unaoamsha mwili. Dawa ikiingilia puani kama mwizi, mwili utajuaje kwamba unatibiwa?

Baba yako

Guangzhou, 13 Desemba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimelia chooni ili msimamizi asinione. Likizo wamenipa kuanzia tarehe 24, mapema wamekataa.

Baba, nakujua. Usimnyweshe mama chochote. Nimemuuliza nesi wa kiwanda, anasema mgonjwa kama yule akipaliwa, maji yanaingia mapafuni, na hapo hakuna daktari wa kumwokoa. Nisikilize mara hii moja tu. Mwambie mama nakuja.

Binti yako

Shigou, 15 Desemba

Mwanangu,

U hali gani? Huku kumekucha. Jana mama yako alifumbua macho, akaniona, akaniita kobe mzee. Miaka thelathini na nane ananitukana, na jana ndiyo mara ya kwanza nimeshukuru. Homa imeshuka. Daktari kijana anasema picha ya mapafu inaanza kusafika, Mzee Ge anasema mshipa umepata nguvu.

Nimemwomba mpishi mchemsho kidogo, nimeuficha kwenye chupa ya chai. Kesho nesi akienda kula, nitamwonjesha. Vijiko viwili tu.

Baba yako

Shigou, 9 Januari 1997

Cuiping,

Ulifika salama? Treni ilikuwa na joto? Mimi nakula, usiulize zaidi.

Simu ya upepo ya kifo cha mama yako ilikuondoa huko kabla barua yangu ya tarehe 15 haijafika. Bila shaka umeikuta ikikungoja. Basi umeshajua. Barua yako ya tarehe 13 ilinifikia tarehe 19, mama yako akiwa ameshalala siku moja kwenye jeneza.

Niliinua barakoa. Kijiko cha kwanza alimeza, akakunja uso. "Kobe wewe, ni chungu."

"Ndiyo dawa hiyo, bibie. Fungua mdomo."

Cha pili alipaliwa. Alikohoa mpaka midomo ikawa ya bluu. Nesi alirudi akanikuta nimesharudisha barakoa, nimekaa kama mtu mwema. Jioni homa ikapanda.

Mazishini ulinishukuru mbele ya watu kwa kumuuguza. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni msiba.

Hospitali inasema mchemsho ndio uliomgeukia. Mzee Ge ameondolewa wodini, na wagonjwa wengine sita wamekatiwa dawa zake. Alikuja mazishini, akasimama nje ya lango, akaniomba radhi. Mimi. Nikaipokea radhi yake, na sigara yake pia.

Sasa, una deni langu dogo. Ulipokuwa darasa la tano ulitoroka shule kwenda kutazama opera, nikamwandikia mwalimu wako kwamba unaharisha. Barua ya uongo mtupu, kwa mwandiko wangu wa kuku, akaamini. Nilipe barua moja. Mwandikie mkuu wa hospitali kwamba mchemsho wa Mzee Ge haukuwa na kosa, kosa lilikuwa kijiko changu. Yangu nimeianza mara nne, kila mara inageuka utani. Acha nafasi chini, jina nitaliandika mwenyewe.

Baba yako