Ndugu Yangu Huja Gereji Ikipata Joto

Mpendwa mshauri, nahitaji msaada wako kabla ya Jumapili, maana jambo nililoficha tangu Januari sasa limemgusa mtu mwingine.

Nina miaka sitini na moja, naishi peke yangu nje kidogo ya mji wa Yorkton, na kila Jumapili nikitoka kanisani huingia gereji ya nyumbani kutengeneza pikapu ya marehemu baba, ambayo mimi na kaka yangu Metro tuliianza pamoja kabla hajafariki Oktoba, na kwa kuwa baridi ya mwaka huu inagandisha hata grisi nikanunua hita ya mafuta ya taa, nikaziba madirisha kwa blanketi, nikarundika theluji nje ya mlango mkubwa ili joto lisitoroke, na hapo ndipo Metro alipoanza kuja.

Naandika shajara, kwa hiyo sibahatishi. Tarehe 12 Januari, digrii thelathini na moja chini ya sifuri, niliwasha hita saa nane mchana, na saa kumi mwanga wake ukawa wa rangi ya asali, spana ikawa nyepesi mkononi kama unyoya, miguu ikalegea, na kaka akawa ameketi juu ya tairi akiniambia, "Mdogo wangu, usiilazimishe hiyo nati, ibembeleze." Tarehe 19 mlango uligandia ukiwa wazi kidogo, upepo ukaingia, hakuja. Tarehe 26 niliziba vizuri zaidi, akaja saa tisa. Tarehe 2 Februari alikaa sana, kichwa kikaniuma, nikatapika, nikasingizia soseji.

Jumatano mjane wake, Verna, aliniletea supu ya bitiruti.

"Shemeji, unanuka kama kibatari, na macho yamekuiva. Umeoa chupa?"

Nikamwambia kweli yote. Akaliweka bakuli mezani polepole.

"Anasema nini?"

"Mambo ya breki."

"Basi ndiye. Miaka thelathini, mambo ya breki." Akavuta kiti, akasema, "Jumapili nakuja. Mara ya mwisho hospitali tuliachana tumenuniana, na nina neno langu naye."

Mshauri, nakiri naona wivu, naogopa atamjia yeye aniache mimi, lakini pia ni mume wake. Nimkaribishe, au nimfungie mlango?

Orest H.

JIBU

Orest, barua yako ilinifikia Ijumaa na sikungoja gazeti lichapwe, nilikupigia simu palepale. Hapa narudia niliyokuambia, kwa ajili ya wasomaji wengine wenye gereji.

Mtu mwenye shajara safi kama yako alipaswa kuisoma. Ukiziba, anakuja, hewa ikiingia, haji. Moto unaokosa hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hiyo ndiyo iliyokulegeza miguu na kukutapisha. Soseji haina kosa. Ulikuwa unakufa kidogo kidogo kila Jumapili, ukiona raha, na sasa ulitaka kumkalisha mjane wa kaka yako kando yako. Nilipokuambia hivyo uliuliza, "Kwa hiyo hatakuja tena?"

Hatakuja, Orest. Nakupa pole, kwa maana najua umefiwa mara mbili.

Sasa fanya haya. Hita hiyo itoe nje, usimpe jirani. Nenda hospitali wakupime damu, na uwaeleze kuhusu hita bila aibu. Ondoa blanketi, sukuma theluji. Ukitaka joto, fundi mwenye leseni akufungie hita yenye bomba la kutoa moshi nje, na ukutani uweke kile kifaa kinacholia gesi ikizidi. Mpaka hapo, fungua mlango, vaa koti zito, fanya kazi nusu saa, ingia ndani.

Verna mkaribishe, lakini jikoni. Ule wivu wako uweke kando. Neno alilotaka kumwambia mumewe hana wa kumwambia ila wewe uliyezaliwa naye, kwa hiyo zima redio, msikilize mpaka mwisho, na usimjibu kwa mambo ya breki.