Shimo Nyuma ya Jiko

Kalemie

Mama Neema, bibi yangu wa ndoa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mama mukwe anaendeleaje na miguu yake? Watoto wanakula vizuri? Huku Kalemie mimi naongea, natembea, ila habari si nzuri, na sitaki uisikie kwa wachuuzi wa samaki ndagala wanaorudi huko Baraka.

Ile damu niliyokuambia kwa simu kuwa ni bawasiri, kumbe ni kansere. Imekaa mwisho wa utumbo, karibu kabisa na mulango wa haja. Kuna dokta mupasuaji amekuja na ndege, atarudi kwao wiki ijayo, na ameniambia nichague. Njia ya kwanza, anakata kipande kibaya, anaunga utumbo. Nabeba mufuko wa haja tumboni miezi michache, kisha unaondolewa, nakwenda choo kama watu wote. Lakini maungio yanaweza kuachia, na ugonjwa uko chini sana, unaweza kubaki pembeni. Njia ya pili, anatoa yote, anashona mulango wenyewe, haja inapita kwenye mufuko mpaka nife. Mimi nikasema, we dokta, unga! Sitaki kunuka mbele ya watu.

Unajua kwetu kinachokatwa kwa muntu hakitupwi, ndugu ndio wanakizika. Basi kaka yako Etiene, ninayekaa kwake, akachimba kashimo nyuma ya jiko, ukubwa wa sufuria. Asubuhi tukakuta kamerefuka kama mukono. "Etiene, wazimu huu ni wako?" Akaapa: "Shemeji, jembe nilisharudisha kwa jirani!" Tukafukia. Kesho yake limefunguka tena, limefika urefu wa mutoto. Na udongo uliotoka, Mama Neema, hatuuoni popote. Ata kuku wanapita mbali. Etiene hacheki tena, na wewe unamujua kaka yako.

Jana asubuhi limezidi tena, nikasema, ngoja nijue. Nikajilaza chali pembeni yake, Etiene akinisihi niinuke. Kichwa sawa na mwanzo wake, visigino sawa na mwisho wake. Baridi ikatoka mule ndani ikanishika kiunoni, na jua lilikuwa kali. Niliogopa, sikufichi, nililia.

Lile halikuwa tena shimo la kipande, lilikuwa linaningoja mimi muzima. Nikaenda moja kwa moja hopitali. "Dokta, toa yote." Akaniuliza nani amenishauri. Nikarudia: toa yote. Akasema tu kwamba kwa ugonjwa wa chini hivi, ata yeye angechagua ile. Leo asubuhi shimo halikuongezeka.

Basi nitaishi na mufuko. Kisu sikiogopi tena, naogopa uso wako utakapouona. Utalala na mimi kitanda kimoja?

Nisalimie mama mukwe, Neema na wadogo zake, dada yangu mushona nguo, na pasta wetu, aniombee. Boti inayoleta barua hii inarudi huku kabla ya Jumatatu, siku ya kupasuliwa. Mupe nahodha neno lako, ata moja. Ukinyamaza, nitalala mezani bila kujua narudi kwa nani.

Mume wako,
Baba Neema