Kilo ya Kahawa ya Mzee Urbano

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Kifurushi kimeshushwa leo hapa Iguguno na lori la mbao. Kutoka Mbinga. Kilo nzima ya kahawa, punje kavu – na ni za kijani! Miaka yote nilijua kahawa ni nyeusi.

Na barua. Mzee Urbano, baba yake Laurian anayetaka kumuoa Ritha wangu, anaandika kuwa amesikia mimi ni mtu wa kahawa. Atafika Jumamosi ya tarehe 14. Anywe kwanza kahawa yake kwangu, ndipo tuongee habari za watoto.

Kosa langu. Mshenga wao alikuja kavaa suti, mimi nina kandambili. Mdomo ukaponyoka: sisi nyumba hii ni watu wa kahawa, tena ya punje, ya kopo hatuigusi. Sijui shetani gani alinituma. Hapa tunakunywa chai! Kahawa nimeinywa mara mbili maishani, zote kwenye semina za walimu, ya kopo, unakoroga inayeyuka.

Ritha kasoma barua, kacheka, kisha kaacha kucheka. Kauliza amwambie Laurian kwamba baba alikuwa anatania? Nimekataa. Siku kumi na mbili zinamtosha mwanamume kujifunza kuchemsha maji.

Jumanne, 3 Septemba

Nimechemsha glasi moja ya punje, nzima nzima, kama kunde. Saa mbili nzima jikoni. Kuni zimeisha, punje bado changarawe. Maji yakawa kama ya lambo la ng'ombe.

Nimeyanywa yote kwa hasira. Leo kipindi cha hesabu darasa la sita wamejifundisha wenyewe, mimi nikiwa chooni.

Alhamisi, 5 Septemba

Dada yangu mkubwa, Luciana, amekuja kutoka Ulemo. Ritha ndiye aliyemwita, kwa siri. Nimemwamkia shikamoo, hata hajaitikia vizuri keshaingia jikoni. Anasema mbegu yoyote chini ya jua hukaangwa kwanza. Hapo nikaona aibu, maana kweli.

Lakini kikaango kilipopata moto, kamimina mafuta ya alizeti! Na chumvi! Kwake ni karanga tu. Tulipotwanga ikaganda kwenye kinu kama tope. Kikombeni yakaelea macho ya mafuta, supu kabisa. Dada kasema hiyo ndiyo kahawa ya heshima. Nikauliza aliinywa wapi. Kanijibu mkubwa haulizwi aliinywa wapi.

Glasi mbili nyingine zimekwenda na maji.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nimekaanga kavu, bila mafuta, nakoroga na mwiko kama ulezi wa togwa. Moshi ukajaa, jirani kaja kuuliza kama tunaungua. Lakini punje zikawa kahawia, zinalia pa! pa! Furaha!

Hapo dada akasema kinu cha nini na mashine ipo. Nami nikamsikiliza – mtu mzima mimi, mwalimu wa sayansi. Nimekwenda kwa Abraham mwenye mashine ya kusaga, nikapanga foleni na watu wa mahindi, nikamwambia ni dawa. Glasi tatu zimeingia juu. Chini kimetoka kikombe kimoja. Nyingine zote zimebaki tumboni mwa mashine.

Aliyenifuata ni mama Damari, na debe la mahindi meupe. Unga wake umetoka wa kahawia, kama kanzu ya padre wa Kapuchini. Sikungoja.

Jumapili, 8 Septemba

Mama Damari alinivizia mlangoni baada ya misa. Nikajiandaa kuomba radhi. Kumbe! Anasema ugali ulikuwa mchungu, ila mume wake kala, kisha kaezeka banda la mbuzi lililomshinda tangu Pasaka. Anauliza dawa ile nitasaga tena lini.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemfukuza dada jikoni. Kwa heshima, lakini nimemfukuza.

Glasi moja tu. Moto mdogo, koroga bila kuacha. Zilipolia nikaepua, nikapepeta kwenye ungo mpaka zikapoa. Kinu – si unga kabisa, chengachenga. Maji yalipochemka nikayaacha yatulie kidogo, nikatia vijiko vitatu, nikafunika. Masalia yakatua chini. Nikachuja kwa chujio la chai.

Nikanywa. Nikakaa chini. Ni tamu! Ni chungu, lakini ni tamu! Ritha naye kanywa, hakutema.

Ila kaviosha vikombe mara mbili. Mwisho kasema, "Baba, mzee akiona tulimdanganya, Laurian hatambishia baba yake. Namjua." Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mimi mwenyewe naogopa sana.

Zimebaki glasi mbili. Sijaribu tena kitu.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa stoo, juu ya gunia la alizeti. Mlango nimeurudisha.

Mzee Urbano yuko sebuleni. Mfupi, mpole, koti zito kwa jua hili. Laurian kakaa pembeni yake kama mtahiniwa. Nilikaanga wakiona, nikatwanga wakiona. Nikamimina. Mzee kanusa muda mrefu. Kanywa kidogo. Kanywa tena. Ritha kasimama mlangoni na sinia, hapumui.

Ndipo mzee kasema, "Mwalimu, nimelima kahawa miaka arobaini. Yote tulikuwa tunaipeleka ghala la ushirika, nyumbani tunakunywa uji. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuionja."

Nikadhani nimepona! Nikataka kucheka, nimkumbatie. Lakini akaendelea. Siku hizi wanunuzi binafsi wanamfuata mpaka mlangoni na magari yao. Wanamwambia kahawa yake si nzuri, naye hawezi kubisha, hajui nzuri ikoje. Aliposikia mkwe wake ni mtu wa kahawa, aliwaambia ndugu zake ndoa hii imeletwa na Mungu.

"Sasa niambie," akasema. "Yangu ni nzuri, au ni mbovu? Utakalosema ndilo nitakalowaambia wale wa magari."

Nimesema nakwenda kuchukua chujio. Chujio liko mezani, mbele ya macho yake.

Robo saa sasa. Kupitia ukuta namsikia Dada Luciana akimweleza kuwa siri ni mafuta ya alizeti. Mzee anaitikia ee, ee. Mtu mwema hivi, kakiri mbele ya watoto wala hakuona haya. Na mimi je? Nikisema nzuri, nimedanganya tena. Nikisema sijui –

Ritha amegonga. Hajakasirika, ndiyo mbaya zaidi. Anasema mzee amevaa miwani, ametoa daftari na kalamu. Juu ya ukurasa ameshaandika jina langu, amelipigia mstari, na anangoja.